Nilimfuga chura kwa siku 19 huku Shianda. Haya ndiyo niliyojifunza

Wacha nikiri mapema. Mimi ndiye yule msee aliyerudi ushago Pasaka ya 2025, na badala ya kushika jembe, akamweka chura ndani ya tangi la kioo kando ya kitanda. Asubuhi Kukhu aliingia na chai, akaliangalia tangi, akaniangalia mimi, kisha akauliza, "Na huyu naye analipa kodi?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa na video, na video ilikuwa inatembea.

Kwetu ni Shianda, Mumias Mashariki, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Mumias. Kama umewahi kuwa huku mwezi wa Aprili unajua hali: mvua inapiga karibu kila jioni, miwa imefunga pande zote, na giza likiingia tu vyura wanaanza. Sio mmoja au wawili. Ni bendi nzima, kuanzia shamba la nduma la Kukhu kule chini hadi mtaro wa barabarani. Ukiwa umetoka Nairobi jana, ambako kelele unayoijua ni ya matatu na jirani mwenye subwoofer, hulali.

Jumamosi ya Pasaka, Aprili 19, nilitoka usiku na tochi ya simu kuchota maji ya mvua. Nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa ndoo. Mdogo, anatoshea juu ya kifuniko cha soda. Mgongo kijani kinachoelekea njano, vidole vyekundu kama amepaka rangi ya kucha. Hakuruka. Aliniangalia tu. Nikamwingiza kwenye chupa ya mayonezi, nikarekodi sekunde 20, nikapost, nikalala.

Kufikia mchana wa Pasaka yenyewe, video ilikuwa imetazamwa mara 30,000. Mimi ambaye nimekuwa nikiposti mambo ya mtaa kwa miaka miwili bila kuvuka elfu tatu! Nikajiambia, hii sasa ni kazi. Chura anabaki.

Karibu nimuue siku ya kwanza

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kosa. Niliweka ile chupa dirishani ili apate mwanga mzuri wa video. Saa nne asubuhi jua likatoka. Niliporudi kutoka kanisani, chura wangu alikuwa amebadilika rangi: ule ukijani wote umepotea, amekuwa mweupe mweupe kama chaki, amejikunja miguu chini ya tumbo.

Nikapiga kelele. Kukhu akaja, akaishika chupa, akairudisha mezani haraka. "Hata wewe nikikufunga ndani ya chupa nikuanike juani, utabaki na rangi yako?"

Baadaye ndiyo nilisoma kwamba vyura wa aina hii hufifia rangi jua likiwachoma, ngozi yao irudishe mwanga badala ya kuunyonya. Ni njia yao ya kujikinga. Lakini porini akichoka na jua anateremka kivulini. Kwenye chupa angeteremka wapi?

Nilipakia picha yake kwenye iNaturalist, ile programu ambayo unaweka picha ya mdudu au mmea na watu wanaojua wanakusaidia kuutambua. Majibu yakaja usiku huohuo: jenasi ya Hyperolius, vyura wa matete. Ni wadogo, wana vidole vyenye ncha zinazonata, na wanapanda majani na nyasi kando ya maji. Kumbe nilikuwa nimempa mpandaji wa matete chupa laini isiyo hata na kijiti kimoja.

Nyumba ya kioo inajengwaje

Jumatatu ya Pasaka nilienda Mumias kwa binamu yangu aliyekuwa na tangi la samaki lenye ufa. Halishiki maji tena, kwa hivyo alinipa kwa Sh500. Kwa chura ufa si shida. Tangi kavu la kufugia mnyama mdogo au mimea huitwa terariamu, na kazi yake ni kutunza unyevu, si kujaa maji.

Nilianza na kokoto, unene wa vidole viwili, ili maji ya ziada yateremke yasiozeshe udongo. Juu yake nikatandika kipande cha wavu wa mbu, kisha makaa yaliyopondwa kupunguza harufu. Halafu udongo wa chini ya migomba ambao haujawahi kuona mbolea ya duka, na juu kabisa majani makavu. Nikapanda vijimea viwili vya kivulini, nikaweka kijiti cha kupanda na kisahani cha maji kifupi. Kifuniko kilikuwa wavu, nikaufunga kwa lastiki, kwa sababu huyu jamaa anapanda kioo kama buibui.

Halafu kuna chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kinyozi. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Maji yenyewe yawe ya mvua. Kama unatumia ya mfereji, yaache kwenye beseni wazi siku nzima ili klorini itoke kwanza.

Kwa nini makelele yote haya kuhusu maji? Kwa sababu ya ngozi. Chura hanywi kwa mdomo kama mimi na wewe. Anafyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja, na kwa ngozi hiyohiyo anavuta sehemu ya hewa anayopumua. Chochote kilicho kwenye maji au kwenye mkono wako, iwe klorini, sabuni, losheni, chumvi ya jasho au dawa ya mbu, kinaingia ndani yake moja kwa moja. Kwa hivyo kumshika ovyo ili upige selfi ni kumpaka sumu kidogo kidogo. Na wewe pia unafaa kunawa vizuri baadaye, maana vyura wanaweza kubeba bakteria za salmonela bila wao kuugua.

Chakula nacho? Chura anataka kitu kinachosonga. Mdudu aliyekufa hamtambui, hata ukimwekea mbele ya pua. Nilikuwa nawatega nzi wadogo wa ndizi kwa kuacha ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa wazi, kisha nawaachilia tangini. Usiku nakusanya vipepeo vidogo vya kwenye balbu. Siku kumbikumbi walipotoka, nilimtafutia wadogo wadogo, Kukhu akinilaumu kwamba nampa chura kitoweo cha watu.

Kumwona akila ni sinema. Anatulia, anamkazia mdudu macho, halafu ulimi unatoka na kurudi hujapepesa. Kisha anafumba macho, unaona macho yenyewe yanazama kichwani. Hajasinzia: anayatumia kusukuma chakula kooni.

Lakini hapa pia kuna mtego. Wadudu wa kuokota kwenye shamba la miwa lililopigwa dawa wanakuja na dawa yao. Na chura wa kufungiwa akila aina moja ya mdudu kila siku, bila kalisi na vitamini za kutosha, mifupa yake inalegea. Wanaofuga kwa umakini huwanyunyizia wadudu unga wa kalisi na kuweka taa maalum. Hiyo taa Shianda utaipata duka gani?

Wiki ya kwanza ilipoisha nilikuwa naamka mara mbili usiku kuangalia kama anapumua. Mtu ambaye hakuweza kuamka saa mbili kwenda lekcha, hadi chuo kikanishinda, sasa anaamka saa tisa usiku kwa ajili ya chura.

Usiku alioanza kuita

Usiku wa 11 mvua ilinyesha kama imetumwa. Vyura wa kule kwenye nduma wakaanza, ile sauti yao fupi kama mtu anagonga glasi kwa kijiko, mamia kwa pamoja. Na ndani ya chumba changu, wangu akajibu.

Kumbe ni dume. Madume ndio huita. Kimfuko cha chini ya koo kilivimba kikawa kama puto, kikubwa karibu kama kichwa chake, na sauti iliyotoka sikuamini inatoka kwa kiumbe wa saizi ile. Alikuwa amepanda kona ya tangi inayoelekea dirishani. Aliita hadi karibu alfajiri. Wenzake nje wanaitana, wanapata majike, wanaendelea na maisha. Yeye anaita kioo.

Nilirekodi, bila shaka. Lakini ile video sikuiposti.

Badala yake nilikaa kwenye simu nikisoma, na ndipo nikakutana na kisa cha vyura wa Kihansi, majirani zetu wa Tanzania. Hawa ni vyura wadogo wa rangi ya dhahabu waliogunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Hawatagi mayai majini; wanazaa watoto kamili. Duniani kote waliishi hapo tu, kwenye eneo la hekta chache lililokuwa likiloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya maji.

Mwaka 2000 bwawa la umeme likaanza kazi, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye hifadhi ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walianguka ghafla, na kufikia 2009 shirika la IUCN likawaorodhesha kuwa wametoweka porini. Wote waliobaki duniani walikuwa kwenye visanduku vya kioo, wakinyunyiziwa maji na mashine.

Yaani terariamu iliokoa spishi nzima. Lakini angalia ilivyochukua: wataalamu wa mifugo, maji yaliyochujwa, taa maalum, na bado wengi sana walikufa miaka ya mwanzo kabla watu hawajaelewa wanataka nini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, kwenye chuo kikuu, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako mabomba yalikuwa yamewekwa kunyunyizia maji badala ya yale manyunyu yaliyopotea.

Wale walifungiwa kwa sababu kwao kulikuwa kumeharibika. Wangu kwao ni mita 60 kutoka kitandani mwangu, na hakujaharibika.

Kisha pesa ikaingia

Hapa ndipo ningeweza kuharibu kabisa. Siku mbili baadaye nilipata ujumbe kutoka kwa akaunti nisiyoijua. Mtu ameona video, amependa rangi, anauliza kama naweza kumpatia vyura 40 wa aina hiyo. Dola 15 kila mmoja. Nitawafunga kwenye vijikopo vyenye tishu yenye unyevu, kuna mtu atavichukua Nairobi.

Piga hesabu. Dola 600 ni zaidi ya Sh77,000. Huku kwetu, ambako kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 na vijana wengi wa rika langu ni bodaboda au wanangoja tu, hizo si pesa za kuchezea. Na vyura 40 ni kazi ya usiku mmoja, na watoto wa jirani wangenisaidia kwa mandazi. Nilianza hata kutafuta bei ya vijikopo.

Nikamwambia rafiki yangu mmoja wa Nairobi. Hakusema mengi. Alinitumia habari moja tu: "Soma kwanza."

Ilikuwa ile kesi ya siafu. Huenda uliisikia ukacheka. Mapema Aprili mwaka huohuo, vijana wawili kutoka Ubelgiji, hakuna aliyevuka miaka 19, walikamatwa Naivasha wakiwa na takriban siafu 5,000 ndani ya vijichupa 2,244 vilivyowekwa pamba. Raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walishtakiwa pia kwa siafu walionaswa nao Nairobi. Wale wa Ubelgiji walisema walikusanya kwa kujifurahisha, hawakujua ni kosa. Mnamo Mei 7, mahakama ya JKIA ikawatoza wote wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au mwaka mmoja jela.

Siafu, manze. Wadudu tunaowakanyaga.

Sheria yenyewe ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na haiongei kuhusu ndovu na kifaru peke yao. Mnyama yeyote wa asili ya porini ameingia humo, hata mwenye vidole vyekundu anayetoshea kwenye kifuniko cha soda. Kumweka, kumuuza au kumsafirisha akiwa hai kunahitaji kibali, na ofisi ya kuuliza ni KWS. "Nimempata kwa ndoo yangu" si kibali. Na Mkenya aliyekuwa kwenye kesi ile alitozwa sawa na wageni, hakupunguziwa kwa kuwa mwenyeji.

Nilimblock yule mnunuzi. Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Nilifikiria zile pesa wiki nzima, na bado nazifikiria siku ambazo sina bundles.

Kumrudisha pia kuna adabu yake

Usiku wa Mei 8 nilimrudisha. Ila hata hapo usifanye tu vile unajiskia. Kuna ukungu mmoja, kitridi kwa kifupi, unaoshambulia ngozi ya vyura. Utafiti uliochapishwa 2019 ulihesabu spishi 90 duniani zinazodhaniwa kumalizwa na ugonjwa huo, na mamia ya nyingine zilizopungua. Unasambaa kwa maji, kwa udongo wenye unyevu, na kwa vyura wanaohamishwa na watu. Ndiyo maana hutakiwi kumtoa chura Shianda ukamwachilia Kakamega mjini au Nairobi, wala kumchanganya na wa kutoka kwingine halafu umrudishe nyumbani na zawadi ya ugonjwa.

Wangu hakuwahi kukaa na mwenzake, na nilimpeleka palepale, kwenye nduma zilizo karibu na ile ndoo. Niliweka tangi chini, nikatoa wavu, nikazima tochi. Alikaa kama dakika tano. Nilipowasha tena hakuwepo. Hakuna kwaheri, hakuna muziki wa mwisho wa filamu. Maji na udongo wa tangi niliuanika mahali pakavu, tangi lenyewe nikaliacha juani siku tatu.

Sasa, kama wewe pia umevutiwa na vyura, na najua mpo kwa sababu inbox yangu ilijaa "nifanyeje nipate mmoja", haya ndiyo ninayowajibu.

Jenga terariamu, lakini ya mimea. Zile tabaka za kokoto, makaa na udongo zinafanya kazi vizuri hata mezani kwenye bedsitter ya Roysambu, na kijimea cha kivulini hakiiti wenzake usiku.

Vyura wenyewe wafuate kwao. Toka usiku na tochi, piga picha bila kugusa, rekodi sauti, pakia. Msitu wa Kakamega una spishi zaidi ya 20 za vyura, na mwaka 2006 wanasayansi, akiwemo Mkenya Beryl Bwong, walielezea kwa mara ya kwanza chura wa mitini aitwaye Leptopelis mackayi kutoka misitu ya huku magharibi. 2006! Mimi nilikuwa tayari nimezaliwa na huyo chura hakuwa na jina. Kule Isecheno waelekezaji huwatembeza wageni msituni hata usiku. Picha yako moja inaweza kuwa na maana kuliko chura wako mmoja kwenye chupa.

Na kama una shamba, hata kidogo, waachie kona. Usichimbe dimbwi karibu na nyumba, malaria si mchezo huku. Lakini sehemu ya nduma yenye unyevu mbali na nyumba, ukanda wa matete usiofyekwa, na dawa ya magugu isiyopigwa hadi ukingo wa maji, hivyo vinatosha. Watakuja wenyewe, bila chakula chako.

Kukhu alikuwa anataka kufyeka yale matete ya chini Juni ili apande sukuma. Tumeelewana abakishe nusu. Alichotaka kama malipo ni lile tangi. Saa hii liko jikoni, ameotesha miche ya managu, na ananiambia angalau hawa wapangaji wataliwa.